Tabia ndogo za kila siku hukatika wiki ya pili. Zifungwe wapi zishike?

FundiLangoni

Asalaam aleikum waungwana. Naomba wanaolijua jambo hili kwa undani wanisaidie. Maneno ya kutiana moyo nimeshayasikia ya kutosha.

Nataka mambo matatu yawe sehemu ya siku yangu: kusoma kurasa kumi, kuweka akiba shilingi mia moja, na kutembea kwa miguu kutoka Langoni hadi Shela, hapa Lamu, na kurudi. Kazi ni cherehani. Nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa moja usiku, siku sita kwa wiki. Yote matatu huanza vizuri na yote hukatika kati ya siku ya kumi na ya kumi na tano.

Nauliza: ile kauli ya "vumilia siku 21, itakuwa tabia" ina ukweli? Niyaanze yote pamoja au moja moja? Na siku ikipita bila kufanya, kesho yake nilipe deni?

---

MaalimMkomani

Wa aleikum salaam, fundi. Nianze na hizo siku 21, maana zimewavunja moyo wengi bila sababu. Zimetoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Alizungumzia kuizoea sura, na alisema "angalau". Watu wakalitupa neno "angalau", kisha wakaitia hesabu hiyo kwenye kila kitu.

Kipimo kilicho karibu na swali lako ni cha Phillippa Lally na wenzake wa University College London, kilichochapishwa mwaka 2010. Walichukua watu 96. Kila mmoja akachagua jambo moja tu, la kula, la kunywa au la mazoezi, akalifanya mara moja kwa siku baada ya tukio lile lile, kwa wiki 12. Kati na kati, jambo lilichukua siku 66 hadi likawa linafanyika lenyewe bila mtu kujisukuma. Aliyewahi alifika siku ya 18. Aliyechelewa kuliko wote alikadiriwa siku 254, yaani utafiti ulikwisha yeye hajafika, hesabu ikamalizia safari. Mazoezi ya mwili yalichelewa kuliko kunywa maji. Kwa hiyo usishangae akiba yako ikishika mapema na kutembea kukakawia.

Sasa kwa nini hukatika wiki ya pili? Tupige hesabu. Shela ni kama kilomita tatu, kwenda na kurudi inakaribia saa moja na nusu. Kurasa kumi kwa msomaji wa kawaida ni dakika ishirini au zaidi. Umemtwisha mtu anayekaa cherehani saa kumi na moja kwa siku mzigo mwengine wa karibu saa mbili. Kiasi hicho ulikipima siku njema, mwili umepumzika na niya ingali moto. Wiki ya kwanza niya inabeba. Wiki ya pili mgeni anakuja, mtoto ana homa, stima inakatika, na kiasi kilichopimwa kwa siku njema hakiingii ndani ya siku mbaya.

Tengeneza sakafu na dari. Sakafu ni kiasi ambacho hata siku una homa unakifanya: kurasa mbili, sarafu moja ya ishirini, dakika kumi za kutembea. Dari ni kiasi ambacho hutakipita wiki mbili za mwanzo hata ukiwa na hamu: kurasa nne, basi. Watu hupuuza dari, na huko ndiko wanakoharibikiwa. Ukisoma kurasa ishirini siku ya tatu kwa sababu kitabu ni kitamu, siku ya nne kurasa mbili zitaonekana si kitu, utaziacha.

La pili, kigingi. Tabia isiyofungwa mahali huchukuliwa na maji. "Nitasoma asubuhi" si kigingi, asubuhi ni ndefu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya aina ya "likitokea hili, nafanya hili", na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba anayetaja tukio na mahali hutekeleza zaidi kuliko anayetaja lengo peke yake. Chagua tukio ambalo tayari halikupiti na lenye mwisho unaojulikana. Kwako wewe: nikishatoa salamu ya Alfajiri, kabla sijakunja msala, nasoma kurasa mbili. Kitabu kiwe kidakani, kwenye tundu la ukutani, juu ya msala tangu usiku, kimefunguliwa ukurasa wenyewe.

Yaanze moja moja. Moja likifikia siku 25 katika 30, ongeza la pili.

Na deni usilipe. Utafiti ule ule wa London ulionyesha kwamba kukosa nafasi moja hakukuathiri kwa maana ujengaji wa tabia. Kinachoua ni kulipa: jana kurasa mbili, leo nne, kesho ukikosa tena zinakuwa sita, na siku ya tano unakikwepa hata kitabu chenyewe. Siku iliyopita imepita. Unachochunga ni kukosa siku mbili mfululizo. Siku ya pili fanya sakafu hata kama ni mstari mmoja.

---

NahodhaMatondoni

Maalim umesema kweli, ila kigingi chako kina kasoro. Fundi ni mwanamume wa Langoni, Alfajiri ataswali msikitini. Huo msala wa nyumbani hautandikwi saa hiyo. Kigingi lazima kiwe tukio lenyewe kama linavyotokea, si kama tunavyolifikiria. Aseme: nikivua makubadhi, viatu vyangu vya ngozi, mlangoni baada ya kurudi msikitini.

Na kitu kingine, mwangaza. Jamaa wakitoka Alfajiri bado ni giza. Kitabu kidakani bila taa ni bure. Akiweke palipo na taa, na kando yake tochi yenye betri, maana stima ikikatika saa hiyo asiyekuwa na tochi hurudi kitandani.

Mimi naongeza kwa ajili ya wavuvi na mabaharia watakaosoma hapa, kwa sababu wao huambiwa "kila siku saa kumi na mbili" na haiwezekani. Maji hayafuati saa ya ukutani. Kila siku maji kujaa huchelewa kama dakika 50. Mtu anayetoka na maji, baada ya wiki moja saa zake zimepinduka: aliyekuwa akitoka asubuhi sasa anatoka mchana. Baada ya siku 14 au 15 saa zinarudi karibu pale pale, bamvua kwa bamvua, yaani maji makubwa hadi maji makubwa. Tabia iliyofungwa kwenye saa ya simu itakatika kila maji mafu, yaani maji madogo, na mtu atajiona mvivu, kumbe kigingi ndicho kilichohama.

Kwa mvuvi viko vigingi viwili vinavyoshika. Cha kwanza ni kazi yenyewe: nikishafunga amari, kamba ya nanga ya chombo, kabla sijabeba samaki. Hapo ndipo pa kuandika daftari ya mapato, mistari mitatu tu, samaki kilo ngapi, mafuta lita ngapi, kimebaki nini. Daftari ikae ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, pamoja na penseli. Usitumie kalamu ya wino, maji ya chumvi huweza kuifuta. Cha pili ni sala, kwa sababu mahali kama Lamu, karibu na mstari wa ikweta, nyakati za sala husogea kwa chini ya saa moja tu kwa mwaka mzima. Hakuna kingine katika siku ya pwani kilichotulia namna hiyo.

Msimu wa kusi, upepo wa kusini, ukikaza na vyombo vimekaa, kigingi cha chombo kinapotea. Hamisha kabla ya msimu kugeuka, usingoje mpaka tabia ifie mchangani.

---

MaalimMkomani

Nahodha, nimekubali. Makubadhi mlangoni ni bora kuliko msala.

---

BiMuuguzi

Salaam kwenu. Ndugu Fundi, nakuchukulia kutembea peke yake, kwa kuwa ndiko unakokosea kipimo zaidi.

Mtu anayekaa cherehani siku nzima ana mapaja na kiuno vilivyokaza. Kilomita sita kwa siku ya kwanza, tena juu ya mchanga, huleta maumivu ya ndama za miguu na nyayo siku ya pili na ya tatu, na mtu huacha akidhani mwili haufai. Anza na dakika kumi: tano kwenda, tano kurudi. Wiki ya tatu ziwe kumi na tano. Usiongeze zaidi ya dakika tano kila wiki mbili. Kasi ni ile ya kuweza kuzungumza bila kuweza kuimba.

Kigingi cha kutembea unacho tayari na hujakiona. Ukitoka msikitini Alfajiri usirudi kwa njia fupi. Shuka hadi pwani, tembea dakika tano, geuka. Hakuna kubadilisha nguo, hakuna kutoka mara ya pili, hakuna jua. Ukishaingia ndani na kuketi, kutoka tena ni vita, na vita vya kila siku mtu hushindwa. Angalia viatu. Makubadhi yenye ukanda mgumu huchubua kati ya vidole mtu akiongeza mwendo, na lengelenge moja linakukatisha siku tano. Tumia viatu vilivyoshika kisigino.

Shela iache iwe mara moja kwa wiki, na uangalie maji. Siku za bamvua maji yakijaa, sehemu za njia ya ufukoni hufunikwa. Nenda maji yakipwa.

Hapa namkhalifu Maalim kidogo. Kusoma na kutembea yasianze pamoja, sawa, kwani yote yanaomba muda na yanagombea asubuhi ile ile. Lakini akiba haiombi muda wala nguvu, ni sekunde kumi. Hiyo ianze leo sambamba na lolote.

Na kama kuna anayetaka kujenga afya bila kuongeza jambo lolote kwenye siku yake, apunguze sukari ya chai. Aliye na vijiko vitatu apunguze nusu kijiko kila wiki, wiki ya sita amefika sufuri na ulimi haukushtuka. Wanaokata yote siku moja hurudi, maana chai huonekana chungu, wakati ulimi ukipewa wiki hulizoea kila daraja. Ila kwa nyumba zinazotia sukari ndani ya sufuria kabla ya chai kuingia kwenye chupa, kipimo kishuke sufuriani na mpishi akubali. Ukibaki kupunguza kikombeni hupunguzi kitu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na kwa njia hiyo hiyo buyu huweza kumalizwa bila nyumba kugombana.

---

FundiLangoni

Ahsanteni sana, nimeandika yote. Yamebaki matatu. Akiba ya shilingi mia nimeona inashuka kuwa ishirini. Ishirini itafika wapi? Pili, simu. Naifungua kuzima kengele ya Alfajiri, nikirudi msikitini naishika tena, na kitabu kinasahaulika. Tatu, Ramadhani na wiki mbili kabla ya Idi, ambapo fundi yeyote wa nguo halali. Kila kilichojengwa huvunjika hapo.

---

MwanaAkiba

Akiba nijibu mimi.

Ishirini mara siku 26 za kazi ni 520 kwa mwezi, 6,240 kwa mwaka. Si ndogo, lakini si hizo nnazozitafuta. Miezi miwili ya kwanza hujengi fedha, unajenga mkono unaotoa kabla ya kutumia. Mkono ukizoea, kuongeza ni rahisi: mwezi wa tatu 30, wa tano 50. Aliyeanza na mia na kuacha siku ya kumi na mbili ana 1,200, na pengine ameshazikopa.

Kigingi chako: nikimaliza kuhesabu mauzo, kabla sijatia kufuli mlangoni. Sarafu inatoka kwanza, inaingia mfuko wa shati, inakwenda nyumbani. Mkebe usikae dukani. Mkebe ulio karibu na droo humalizwa na chenji: mteja ana noti ya elfu moja, huna chenji, unaazima sitini, hazirudi. Hapo ndipo akiba nyingi za wenye maduka huishia, na wenyewe husema biashara mbaya.

Siku isiyo na mauzo tia shilingi tano. Hakuna hata tano? Tia kifungo cha shati, na siku ukipata kitoe uweke sarafu mahali pake. Haya maneno yanaonekana ya kitoto lakini yana sababu: tendo la kutia lisikatike, kiasi kinaweza kungoja. Mkebe usiwe rahisi kufungua. Usiku mtu huwa na mahitaji mengi.

Kila wiki peleka kwenye simu kwa wakala, mara moja tu, kisha siku hiyo hiyo uingize kwenye akaunti ya akiba ya kufunga kwa muda. Fedha zikibaki kwenye salio la kawaida la simu zitanunua umeme, data na bodaboda kabla ya Ijumaa. Na usizichanganye na fedha za chama, kikundi cha kuchangiana. Za chama zina wenyewe wanaokudai, zitalipwa tu. Hizi hazina mtu wa kukudai, ndiyo maana zinahitaji mkebe.

---

BiMuuguzi

Kuhusu simu: nunua saa ndogo ya mezani yenye kengele, ya betri. Simu ilale sebuleni ikichaji, upande wa pili wa nyumba, toka unapopanda kitandani. Usitegemee kujikataza. Mwanasaikolojia Wendy Wood na wenzake, katika tafiti walizochapisha mwaka 2002, waliwataka watu waandike kila saa walichokuwa wakifanya, na ikaonekana kama asilimia 43 ya matendo yao yalirudiwa karibu kila siku mahali pale pale, mara nyingi akili ikiwa kwengine. Mkono wako kwenye simu ni katika hayo. Hauamui, unafuata mahali. Punda wa mjini hapa hafikirii njia ya kwenda bandarini, hata msipomwongoza anafika. Badilisha mahali simu inapolala, mkono utakosa njia.

Siku tatu nne za mwanzo utaitafuta pale ilipokuwa. Ni kawaida. Pale ilipokuwa ndipo kitabu kikae.

---

MaalimMkomani

Ramadhani. Hili nalipenda, kwa sababu watu wengi hudhani mwezi huu huvunja tabia. Kinachovunja ni kuingia nao bila kuhamisha vigingi. Angalia nini kinabadilika: usingizi unakatwa vipande viwili, mlo unahama kutoka mchana hadi usiku, duka linabadilisha saa. Kigingi chochote kilichofungwa kwenye chai ya asubuhi au chakula cha mchana kinang'oka siku ya kwanza. Sala hazihami. Kwa hiyo siku kumi kabla ya mwezi kuandama, kaa na karatasi uandike kila tabia na kigingi chake cha muda.

Kusoma: baada ya daku, ukingoja adhana ya Alfajiri. Zile dakika kumi au kumi na tano huishia kwenye simu kwa watu wengi. Kutembea: usitembee mchana na kiu. Toka baada ya tarawehe, kwa njia ndefu, dakika kumi zile zile. Akiba: kigingi ni kile kile, kufuli la duka, hata likifungwa saa sita usiku.

Wiki mbili kabla ya Idi shuka hata chini ya sakafu kwa makusudi, na ushuke kabla hujaangushwa. Kurasa mbili ziwe moja. Dakika kumi ziwe kutoka msikitini hadi kona ya pili. Andika tarehe ya kushuka na tarehe ya kupanda, kwa mfano Jumatatu ya kwanza baada ya Idi. Anayeshuka kwa mpango hupanda tena kwa sababu tarehe imeandikwa. Anayeanguka hungoja hamu irudi.

Wiki ya kwanza ya Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, ndiyo ya hatari, kuliko Ramadhani yenyewe. Vigingi vya mwezi vimeondoka na vya zamani vimelegea. Siku saba hizo usiongeze kitu. Rudisha saa ya kulala kwanza, dakika thelathini mapema kila usiku hadi ufike, ndipo Alfajiri irudi kuwa kigingi kinachobeba.

Na kwa anayeuliza kwa nini tunang'ang'ania kiasi kidogo hivi: Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, ijapokuwa chache. Imepokewa na Bi Aisha, iko katika Bukhari na Muslim.

Kuweka alama: kalenda ya ukutani, penseli imefungwa kwa uzi hapo hapo. Msalaba siku uliyofanya, tupu siku uliyokosa. Usihesabu mfululizo, hesabu mangapi katika 30. Anayehesabu mfululizo akikosa siku ya 22 huona amerudi sufuri. Anayehesabu katika 30 huona ana 21, na ni kweli anazo.

---

FundiLangoni

Nimeelewa. Mpango wangu basi: simu sebuleni, saa ya kengele naipata leo. Akiba ishirini, kabla ya kufuli, mkebe nyumbani. Mwezi wa kwanza kusoma: baada ya Alfajiri nasoma kurasa tatu. Kutembea mwezi wa pili. Shela Ijumaa maji yakipwa.

---

MaalimMkomani

Rekebisha mawili. "Baada ya Alfajiri" ni pana, Alfajiri hadi saa mbili ni muda mrefu na usingizi uko karibu. Andika: "nikivua makubadhi mlangoni, nawasha taa, naketi, nafungua kitabu." Na kurasa ziwe mbili. Tatu zimetoka kwenye siku njema.

---

NahodhaMatondoni

Na Ijumaa moja maji yatapwa alfajiri, nyingine yatakuwa yamejaa saa hiyo hiyo, kwa sababu wiki moja hupindua maji. Usiandike "Shela Ijumaa". Andika Shela mara moja kwa wiki, siku ambayo maji yamepwa baada ya Alfajiri, na uiweke alama kwenye kalenda hiyo hiyo mwanzo wa mwezi.